Tulivyojificha Diani

Asubuhi ya siku ya ishirini ya safari yetu, mama yangu aliketi juu ya gunia la pojo ukumbini kwa mdogo wake, Kwale mjini, akagoma kwenda nyumbani.

Hakugoma kwa maneno. Jambo zito mama hulizunguka kwanza, kama mtu anayetafuta pa kulishikia. "Huyo dereva ana haraka?" aliniuliza. Nikamwambia dereva yuko nje, injini inanguruma, tunangojwa sisi tu. Akatazama mlangoni, ambako ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya mikorosho, kisha akasema, "Hebu fikiri vizuri. Hakuna mtu tuliyemsahau?"

Hatukuwa tumemsahau mtu. Orodha nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye daftari la shule, na majina yote nilikuwa nimeyapigia mstari.

Baba alifariki kabla ya mvua za masika. Mama akakaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yetu ya Kinondo, akisuka ukili na kupokea wageni. Eda ilipokwisha alingoja shule zifungwe kwa likizo ndefu, kisha akaniita akaniambia kwamba anataka kwenda kuwashukuru watu wote waliotoka mbali kuja kumzika mumewe. "Walitoka makwao wakaja," alisema. "Haifai kuwapigia simu tu." Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Msambweni, na kati ya watoto wake watano ni mimi peke yangu niliyekosa kisingizio.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Alikuwa akienda bara ya Kwale, Kinango, Samburu, mpaka Taru kwenye barabara kuu, ananunua mbuzi na kuwaleta pwani wauzwe, hasa karibu na Idi. Kwa hiyo watu wake walikuwa wametapakaa kila upande. Tulianza Vanga kwa wifi yake mama, mpakani kabisa, tukapewa mfuko wa ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Tukapita Lungalunga. Tukapanda Kinango, ambako tulilala siku tano kwa sababu kila nyumba tuliyoingia ilituchinjia kuku na kutukataza kuondoka. Taru tulipewa gunia la pojo na kibuyu cha maziwa ya mgando. Huko kote mama alikuwa hajapata kufika. Alikuwa na umri wa miaka sabini na ushei na hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza ya kweli, ukiondoa hospitali na harusi.

Sasa tulikuwa Kwale, saa moja tu kutoka nyumbani, naye amekaa juu ya gunia.

Nilidhani amechoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka, magoti yananiuma kwa kukaa mikekani, na nilijua tukifika Kinondo hatutapumzika: ukoo mzima ungekuja kutupa pole ya safari, na pole ya safari kwetu huliwa kwa wali. Nikatoka nje nikampigia simu binti yangu. Yeye hufanya kazi Diani, ya kusimamia nyumba za kukodisha wageni, zile za ghorofa zilizoota kando ya barabara ya hoteli katika miaka hii michache.

"Una nyumba yoyote iliyo tupu?" nikamwuliza.

"Ipo moja, wageni wake wanaingia Ijumaa. Kwani kuna nini?"

"Bibi yako hataki kwenda nyumbani."

Akacheka. "Mlete huku. Lakini msimwambie mtu, mama, maana mkimwambia mmoja nitaamka nimepokea watu arobaini."

Ndivyo tulivyoumaliza mwendo wetu mrefu katika mji wa kisasa ulio karibu na kwetu kiasi kwamba mtu akiondoka Kinondo baada ya chai, anafika kabla haijashuka tumboni.

Getini tulipokewa na askari kijana wa bara, mchangamfu, aliyetubebea gunia begani kama mto. "Karibu shosho," akamwambia mama, "hapa jiskie uko home."

Mama akanigeukia. "Shosho ndiye nani?"

"Ni wewe. Kwao maana yake bibi."

"Basi angesema bibi," akasema mama, lakini akampa mkono na kumwuliza hali ya wazee wake, mmoja mmoja, mpaka yule askari akalitua gunia chini ili aweze kujibu vizuri.

Kwenye lifti tuliingia pamoja na Mzungu mmoja mtu mzima aliyevaa kaptula. Milango ikafungwa, na hapo ndipo mfuko wa ng'onda wa Vanga ulipojitambulisha. Siku ishirini za joto zilikuwa zimeuongezea nguvu. Nikatazama namba za ghorofa zikiwaka, nikiomba ziende upesi. Yule Mzungu akavuta pumzi, akamtazama mama, akasema kwa Kiswahili safi, "Shikamoo mama. Huyo ni papa ama nguru?"

"Marahaba. Nguru," akajibu mama, bila kushtuka hata kidogo. Tulipofika ghorofa ya tatu alikuwa ameshamgawia vipande viwili, amevifunga katika ukurasa wa daftari langu.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyeupe tupu. Kuta nyeupe, makochi meupe, sakafu inang'aa hata unaogopa kuikanyaga. Kulikuwa na friji refu kunishinda mimi, mashine ya kufulia, kiyoyozi, na roshani ya kioo iliyotazama vilele vya minazi. Binti yangu alituonyesha kila kitu, akatupa ndara nyeupe laini za wageni, akakimbilia kazini. Mama alizunguka vyumbani polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Mbele ya tangazo dogo ukutani akasimama. Alisoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na tangu hapo haachi maandishi yampite.

"Wifi bure," akasoma kwa sauti. Akafikiri. "Mimi wifi zangu wote walinigharimu."

Siku ya kwanza hakujua la kufanya. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Alifagia. Alitafuta kitu cha kupepeta, akazimwaga zile pojo kwenye sinia na kuchambua mawe mpaka adhuhuri. Alikaa kwenye kochi akasimama, akasema linammeza. Mimi nilijilaza kwa kiburi cha mtu aliye likizoni, lakini kila nikifumba macho nilisikia anavuta kiti. Jioni nikapika sima na mchicha wa nazi, tukala roshanini, na alipokwisha kuswali Isha akasema atajinyoosha kidogo.

Alilala mpaka alfajiri. Nilipoamka kuswali nilimkuta ameketi kitandani, ametulia, kama mtu anayejaribu kukumbuka yuko wapi. "Sijaamka hata mara moja," aliniambia. Tangu baba afariki alikuwa anaamka mara tatu, mara nne kila usiku. Akatazama juu, kwenye kiyoyozi. "Ni hicho kitu," akasema, "ama ni uchovu?" Nikamwambia tusikizime.

Siku ya pili asubuhi alikuja mama wa kusafisha, mtu wa makamo, mwenye ndoo na fagio. Alitoa shikamoo, akaingia, akatazama sakafu, jikoni, bafuni. Uso ukamsawijika.

"Mama, nani amesafisha?"

"Ni mimi," akasema mama yangu kwa fahari.

"Sasa mimi nitafanya nini?"

"Utakunywa chai."

Hakutaka. Alisema msimamizi akimkuta ameketi itakuwa shida. Nikamweleza kwamba msimamizi mwenyewe ni binti yangu, na kwamba hata huyo msimamizi hawezi kumkatalia huyu mzee. Basi akaketi ukingoni mwa kiti. Mama alipoisikia lafudhi yake akamwuliza kwao ni wapi, naye akasema ni Mduruma wa upande wa Taru. Mama akagonga kikombe kwa kijiko kwa furaha.

"Nimetoka huko juzi!"

Yule mama alikuwa hajaenda kwao tangu mwaka uliopita. "Mvua imefika?" akauliza, na sauti yake ikabadilika kabisa.

"Imefika. Lambo limejaa. Mahindi yamefika hapa," mama akaonyesha gotini. "Na ile barabara ya vumbi kutoka sokoni imekatika, tulishuka tukatembea."

Nilimtazama mama yangu, mtu wa Kinondo, akimpa mtu wa Taru habari za Taru. Alikuwa amenyoosha mgongo. Alieleza mbuzi wanavyouzwa, nani kafungua duka la dawa za mifugo, kisima kipi kimechimbwa upya. Yule mama alikunywa vikombe viwili, na alipoondoka alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama alimwambia kibuyu kinamjua yeye zaidi.

Hiyo siku ingeisha vizuri kama sikuamua kwenda supamaketi. Nilitaka mchele na nazi, mama naye akasema atanisindikiza, anyooshe miguu. Tulikuwa tumesimama kwenye rafu za unga, mama anashangaa aina za unga, nikasikia nyuma yangu, "Hee!"

Alikuwa baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye huleta ndimu kwenye maduka ya Diani. Alikuwa na kreti mkononi.

"Shemeji! Si mko Taru nyinyi?"

Mama yangu, ambaye maisha yake yote alitufinya masikio kwa uongo, akamtazama machoni na kusema, "Tunapita tu, shemeji. Tumeshuka kununua sabuni. Gari linatungoja."

Baba mdogo akageuza macho polepole kutoka usoni mwake mpaka miguuni. Mama alikuwa amevaa zile ndara nyeupe za wageni. Zilikuwa zimeandikwa namba ya nyumba.

"Sabuni," akasema baba mdogo.

"Sabuni," akasema mama.

"Haya. Mimi sikuwaona." Akabeba ndimu zake akaenda.

Tukarudi. Kwenye lifti mama alisema, "Hatasema," nami nikasema, "Hatasema," na sote tulijua tunadanganyana. Kabla ya Magharibi simu yangu ilikuwa imelia mara sita. Kaka yangu alitaka kujua kama ni kweli tumenunua nyumba. Shangazi aliuliza kama kuna kitanda cha akiba. Jirani yetu wa Kinondo, ambaye tulimwachia ufunguo, aliuliza kwa upole kama amekosea jambo. Hiyo ya mwisho ilimwuma mama. Alichukua simu akamwambia mwenyewe, "Hujakosea kitu, dada. Ni mimi tu. Naja."

Lakini hakusema anakwenda lini.

Siku ya tatu binti yangu alifika mapema na mfuko. Ndani yake mlikuwa na vazi la kuogelea la kujisitiri, lile linalofunika kuanzia kichwani mpaka vifundoni. Bwawa la jengo liko juu kabisa, kwenye paa, na asubuhi huwa halina mtu. Alitaka bibi yake akalitie miguu tu, apate cha kuhadithia.

"Maji yamepandaje huku juu?" mama aliuliza tulipofika. Alizunguka bwawa lote. Alichovya mkono, akalamba kidole. "Hayana chumvi." Kisha akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akatoka amevaa lile vazi jeusi, mwembamba na mrefu. Akashuka ngazi moja, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nimemshika mkono. Akaniachia.

Akaogelea.

Sisemi alipapatika. Aliogelea, uso juu ya maji, mikono ikifungua na kufunga mbele yake bila kurusha hata tone, mpaka upande wa pili. Akagusa ukuta, akageuka, akarudi. Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nina miaka hamsini na mbili, nimezaliwa nikisikia bahari, na nilikuwa sijui kwamba mama yangu anaweza kuogelea.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yako." Alikuwa anahema, anatabasamu. "Tulipooana. Tulikuwa tukienda baada ya Alfajiri, pwani haina mtu, mimi na leso zangu. Alisema mke wa mtu wa Kinondo asife maji kama mtu wa Kinango. Tulipoanza kupata watoto nikaacha."

Aliogelea tena, mara nyingi, nami nikaketi ukingoni miguu majini, kwa sababu mimi sijui. Alipochoka alikuja akaegemeza viwiko karibu na mapaja yangu. Binti yangu alikuwa ameitwa na wageni, ameshuka. Mama akaacha kulizunguka jambo lake.

"Mwanangu, unajua kwa nini sikutaka kwenda nyumbani?"

"Ulichoka."

"Sikuchoka. Maisha yangu yote, baba yako ndiye aliyesafiri. Mimi nilikuwa wa kumpokea. Anafika, anavua viatu, namletea maji, anaanza: Taru hivi, Samburu vile, nililala nyumba ya mawe kwenye kitanda cha samadari, cha kifahari. Miaka hamsini na ushei nimesikiliza. Sasa safari hii nimesafiri mimi. Nimeyaona yote. Ile nyumba ya mawe nimeiona, mwanangu, ni banda la mbuzi! Kile kitanda ni kamba, na mguu mmoja ni jiwe. Mwenyeji amenionyesha mwenyewe, baba yako alilala hapo miaka yote." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. "Nataka kumwambia nimekiona kitanda chake. Nitaingia mle ndani, nimwambie nani?"

Ningeweza kusema "niambie mimi", lakini mimi nilikuwepo. Nilikiona kile kitanda pamoja naye. Nikampangusa maji usoni kwa ncha ya leso yangu, ingawa alikuwa ndani ya maji.

Alasiri ile baba mdogo alikuja. Hakualikwa. Alipiga hodi akiwa na madafu manne na uso wa mtu mwenye hatia, akasema alimwambia mkewe peke yake. Mama akamkaribisha kwa salamu zote kamili, akampakulia wali, tukamketisha chini ya kiyoyozi. Alikula akashiba. Kisha akauliza, kama anavyouliza mtu yeyote mstaarabu, "Haya, shemeji, huko bara mlionaje?"

Mama akanitazama. Akaweka sahani chini.

Alianzia Vanga. Alisimulia kila nyumba, kila kuku, kila mlima. Alipofika Taru akalileta lile banda, taratibu, akimchorea sakafuni kwa kidole pale mlango ulipo, pale kitanda kilipo, na kabla hajafika kwenye lile jiwe baba mdogo akaruka kutoka kwenye kochi.

"Na jiwe! Mguu wa nyuma!"

"Umejuaje?"

"Si nililala hapo mimi! Nilifuatana naye mwaka mmoja, nikiwa kijana. Usiku mbuzi alinila kofia. Nilirudi nimemkasirikia, akaniapisha nisikwambie. Alisema ukijua analala wapi utamkataza kwenda."

"Ningemkataza!" akasema mama.

"Ndiyo maana!"

Walicheka mpaka baba mdogo akajifuta macho kwa kitambaa cha meza cheupe, nami nikakiokoa. Kisha wakaanza upya, huyu anaongeza, yule anasahihisha, banda likawa dogo zaidi na mbuzi wakawa wengi zaidi. Saa nzima. Mwishowe baba mdogo alisinzia kinywa wazi, mama akamfunika leso, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kesho twende. Wageni wa mwanao wanaingia, wasitukute."

Wageni wangeingia keshokutwa. Sikumkumbusha.

Asubuhi tulifunga mizigo. Yule askari alitubebea gunia tena, akamwambia mama, "Safari njema, bibi," mama akamwombea dua pale pale getini, magari yakingoja.

Kinondo uwanja ulikuwa umefagiwa kwa mistari. Jirani alitupa ufunguo, mama akafungua mlango mwenyewe. Alisita kidogo kizingitini, nikamsikia anatoa salamu kwa nyumba, kama anavyotoa siku zote. Akajibiwa. Sauti ya hasira ilitoka chumbani, tukashtuka sote watatu. Wavu wa dirisha la nyuma ulikuwa umechanika, na kwenye kiti cha baba, juu ya koti lake la mvua, alikuwa ameatamia kuku mwekundu wa jirani. Alitutunishia manyoya na kutufokea kama wapangaji wabaya.

"Huyu ndiye niliyekuwa namtafuta wiki mbili!" akalia jirani, akanyoosha mkono amtoe.

"Mwache," akasema mama. "Ana mayai mangapi?"

Yalikuwa tisa. Mama alimwekea maji kwenye kifuu, akafungua madirisha yote isipokuwa lile la kuku, akaniambia nibandike chai ya watu wengi. Walikuwa wameshaanza kuingia uani, shangazi mbele na mkeka wake kwapani. Nilipokuwa nikipuliza moto nilimsikia mama anawaambia wakae vizuri, maana ni safari ndefu na ataianzia mwanzo.